Kisanduku cha Kumi na Saba

Jumanne, Machi 4

Mvua imeanza, na paa la masjala limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Safari hii maji yamechagua kabati la wagonjwa wa sukari. Nimeanika kadi kumi na tisa kwenye waya kama chupi za watoto, wino umetiririka, hakuna anayejua nani anadunga kiasi gani. Mkuu wa kliniki akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniuliza, "Wewe si ndiye ulikuwa unasomea kompyuta wikiendi? Basi fanya kitu." Nikamwambia nimeshaanza. Muongo mimi, sijaanza. Naanza leo, na daftari hili nimelinunua kwa kazi hiyo, maana siku ya kusifiwa nataka niwe na kumbukumbu zangu.

Kazi yenyewe ni hii. Tuna watu kumi na tisa wanaojidunga insulini nyumbani. Kila Jumanne wanakuja kupimwa, nesi anaandika dozi ya wiki, wanabandikiwa lebo kwenye boksi la dawa. Lebo ikisema kumi, wanadunga kumi kila asubuhi mpaka Jumanne nyingine. Mgonjwa namba kumi na nane ni mama yangu mzazi. Dozi yake ni kumi na nne, hiyo sihitaji kadi kuijua, kwa kuwa mimi ndiye ninayemdunga. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu.

Alhamisi, Machi 6

Programu niliyofundishwa haitaki kuandika maneno ya kiwendawazimu. Unaburuta vipande vya rangi kwa mausi, unavipachika kimoja chini ya kingine, vinashikana. Leo nimepachika kipande kinachosema: kwa kila mgonjwa kwenye orodha, tengeneza kadi. Nikabonyeza. Kadi kumi na tisa zikamwagika kwenye skrini, kila moja na jina lake na kisanduku cheupe cha dozi! Nilipiga kelele mpaka mfagizi akaja mbio na ufagio akidhani nimeona nyoka.

Sasa nataka visanduku vije vimeshajazwa dozi ya wiki iliyopita, nilizozinakili Jumanne kwenye lebo za maboksi yao. Nesi aangalie, abonyeze Sawa, lebo itoke.

Ijumaa, Machi 7

Visanduku havijai. Kipande cha kujaza kinaniuliza: kisanduku kipi? Kinanipa orodha ya vile nilivyochora kwa mkono wangu. Lakini hivi kumi na tisa sikuvichora mimi, vinazaliwa programu ikishaanza kwenda. Utamtumaje dukani mtoto ambaye bado hajazaliwa?

Jumamosi, Machi 8

Leo vimejaa. Yaani kimejaa kimoja. Namba zote kumi na tisa zimepita kwenye kisanduku cha mwisho, ikabaki ya mwisho. Kaka, ambaye ni fundi wa friji na anajiona anajua kila chenye waya, akaniambia, "Zima uwashe." Nikamwambia azime mdomo wake kwanza. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Jumatatu, Machi 10

Nimepata! Kila kisanduku kikizaliwa nakishika papo hapo, nakipanga foleni. Upande wa pili nina foleni ya dozi. Cha kwanza kinachukua dozi ya kwanza, cha pili ya pili, mpaka cha kumi na tisa. Foleni mbili zinatazamana, kila mtu na mwenzake. Nimejaribu mara tano, haikukosea hata mara moja.

Jumanne, Machi 11

Wote wamefika, wote namba zao zimekaa sawa. Mkuu alipiga makofi mbele ya wagonjwa. Nilijifanya sijali.

Aliyeniharibia siku ni Konokono. Hilo ndilo jina ninalompa nesi wetu wa sukari humu daftarini, na anastahili. Namba ipo mbele yake, imeng'aa, yeye anamwinamia mgonjwa na kumuuliza, "Unadunga ngapi, baba?" Anasubiri. Mzee anakumbuka, anasahau, anasimulia habari za goti. Halafu ndiyo Konokono anabonyeza. Nikamwambia, "Sista, namba si hiyo hapo?"

"Naiona, mdogo wangu," akasema. "Nataka na kuisikia."

Foleni ilifika mpaka barabarani, watu wamejikunyata chini ya miavuli.

Jumatano, Machi 12

Mvua.

Jumanne, Machi 18

Yaleyale. Unadunga ngapi, mama. Unadunga ngapi, mzee. Tumemaliza saa saba na nusu, na watu hao wana sukari, hawatakiwi kukaa na njaa. Nikaenda kwa Mkuu nikamweleza, na sikupunguza chumvi. Akamwita palepale mbele yangu. "Sista, kama namba ipo, bonyeza. Tusiwacheleweshe watu kwa maswali." Konokono alinitazama mimi, hakumtazama Mkuu. Akasema, "Sawa, Mkuu."

Nilifurahi, sitadanganya.

Jumanne, Machi 25

Maji kila mahali. Watu watano hawakufika, lakini kadi zao zimekaa kwenye skrini kama waliokuwepo, na nusura Konokono ambonyezee mgonjwa aliyepo kadi ya asiyekuwepo. Mkuu anataka kadi za waliofika tu zionekane. Nimemwambia hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Jumatatu, Machi 31

Ilikuwa ya dakika nane. Nilibadilisha kipande kimoja tu cha juu. Badala ya "kwa kila mgonjwa kwenye orodha", sasa ni "kwa kila mgonjwa aliyefika". Nikawaandikisha wote kumi na tisa kwamba wamefika, nikabonyeza, kila namba mahali pake. Nikafunga, nikaenda kunywa chai.

Jumanne, Aprili 1

Wamefika kumi na wanane. Asiyekuja ni fundi viatu tu, namba kumi na saba, mtaa wao umejaa maji. Konokono alibonyeza bila swali hata moja. Saa tatu na nusu tumemaliza! Sukari ya mama ilikuwa juu kidogo, nikamgombeza njia nzima kwa ajili ya ile soda aliyopewa na jirani.

Jumatano, Aprili 2

Naandikia kwenye benchi la hospitali kubwa.

Asubuhi nilichukua kalamu ya sindano ya mama nikasoma lebo mpya. Ishirini na sita. Nilishangaa, halafu mshangao ukapita. Nikajiambia sukari yake jana ilikuwa juu, daktari ameongeza. Nikaanza kuzungusha kichwa cha kalamu kupanga dozi. Mama haoni vizuri, lakini ile kalamu inalia tik kwa kila yuniti moja, na yeye huhesabu kwa masikio. Nilipopita kumi na nne akanishika mkono.

"Umepitiliza."

"Lebo inasema ishirini na sita, mama."

"Daktari hakuniambia kitu."

"Imeandikwa," nikamwambia, na nilikuwa nachelewa kazini. Nikamdunga. Akanywa chai, akala nusu ya kipande cha mkate. Nikaondoka.

Saa nne jirani akanipigia simu. Amemkuta chini jikoni, nguo zimelowa jasho, anamwita jirani kwa jina la marehemu bibi yangu. Sijui nilifikaje. Nilipofika alikuwa hasemi tena, macho nusu wazi, taya limekaza. Jirani, Mungu ampe umri, alikuwa amempaka asali ndani ya mashavu. Hapa hospitali wamemwekea dripu ya glukosi. Daktari akauliza, "Nani alimwambia adunge ishirini na sita mtu mwembamba namna hii?" Kaka akalinyakua boksi mkononi mwangu akasoma chini ya lebo: imehakikiwa na nesi wa zamu, na sahihi ya Konokono.

"Huyu atanitambua," kaka akasema. "Amemtia mama yangu sumu, halafu akaweka na sahihi!"

Mimi pia nilimlaani.

Saa kumi na moja mama amefumbua macho. Ameomba maji.

Alhamisi, Aprili 3

Sasa najua.

Niliifungua programu saa mbili asubuhi nikitafuta jinsi Konokono alivyoibadilisha namba ya mama. Hakuibadilisha. Hakuigusa. Fundi viatu ndiye anayedunga ishirini na sita. Nikaanza kuvifuata vipande kimoja kimoja kutoka juu.

Nilibadilisha foleni ya visanduku ikawa ya waliofika tu. Foleni ya dozi nikaiacha ya watu wote. Fundi viatu hakuja, kisanduku chake hakikuzaliwa, mama akasogea akakaa kisanduku cha kumi na saba, na kisanduku cha kumi na saba kikachukua dozi ya kumi na saba. Programu ilifanya kile nilichoiambia ifanye. Nilipoijaribu nilijaza watu wote, siku ambayo hata mtaalamu asingeona kosa. Nimetengeneza kitu cha siku za mvua nikakijaribu wakati wa kiangazi.

Halafu nikakumbuka kuna namba kumi na tisa. Mzee dereva, aliyeendesha malori miaka thelathini. Kama mama alichukua ya fundi, basi yeye amechukua ya mama: kumi na nne badala ya thelathini, na leo ni asubuhi ya pili. Nikachapa lebo sahihi, nikatoka na mvua bila mwavuli. Nilimkuta barazani na jagi la maji.

"Kuna marekebisho madogo ya lebo, baba," nikasema.

"Ahaa! Mimi nikadhani nimepona," akasema, akacheka. "Lakini kiu hii, mwanangu! Usiku nimeamka mara nne."

Nikamwomba lebo ya zamani. Akapapasa mifuko, akasema atakuwa ameitupa. Nilisimama pale mpaka akadunga yuniti zilizopungua kama daktari wa zamu alivyonielekeza kwa simu. Daktari huyo nilimwambia mzee amesoma vibaya.

Hiyo ndiyo sentensi niliyoisema. "Mzee amesoma vibaya."

Nikarudi nikabadilisha vile vipande. Sasa kila kisanduku kikizaliwa kinavaa namba ya mgonjwa, na dozi inatafutwa kwa namba hiyo, si kwa nafasi ya foleni. Nikamtoa mtu mmoja, nikatoa watano, nikatoa kumi. Kila namba imebaki kwa mwenyewe. Kosa limeondoka na hakuna aliyeliona. Nilikaa nikaitazama skrini, nikaona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza.

Ijumaa, Aprili 4

Kaka amepeleka barua ya malalamiko kwa Mkuu. Sista amesimamishwa kazi mpaka kikao cha Alhamisi ijayo. Nilikuwa dirishani alipokuja kukabidhi funguo. Nilidhani atanililia au atanitukana. Akaniuliza, "Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Sista."

"Nimesali sana juu yake. Nimejiuliza nilibonyezaje namba ile bila kuiona." Akazihesabu funguo moja moja mkononi mwangu, taratibu, kama afanyavyo kila kitu. Sitamwita tena lile jina.

Jumamosi, Aprili 5

Mama amerudi nyumbani. Amekuwa mdogo kitandani. Kaka anamlisha uji na kumsimulia jinsi atakavyohakikisha yule nesi haoni tena mlango wa hospitali maishani mwake. Mama akasema, "Alikuwa mpole, yule binti. Huwa ananiuliza habari zangu."

Nilienda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumapili, Aprili 6

Mvua. Sijasema.

Jumatatu, Aprili 7

Mvua. Sijasema. Nimejipangia hoja: nikifukuzwa, nani atanunua dawa za mama? Sista ana mume, anafanya kazi. Sahihi ni yake, si yangu. Kazi ya kuhakiki ni yake, si yangu. Hoja zote zimesimama wima, na mimi nazirudia tangu alfajiri.

Jumanne, Aprili 8

Hawakufika sita. Nesi wa muda alibonyeza haraka, mashine haikukosea hata moja. Mkuu akanipiga bega akasema, "Unaona? Shida ilikuwa mtu, si mashine." Nilienda chooni nikafungua bomba, nikalia.

Alhamisi, Aprili 10

Kikao kilikuwa katika chumba cha mikutano, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki. Mkuu, daktari, kaka na barua yake, Sista na mumewe, na mimi niliyeitwa kueleza jinsi mfumo unavyofanya kazi. Mvua ilipiga mabati mpaka watu wakawa wanapaza sauti. Kaka alisoma barua yake yote. Maneno yalikuwa makali, na mume wa Sista alikuwa akitazama viatu vyake.

Mkuu akanigeukia. "Karani, tueleze kwa kifupi. Namba inaweza kubadilika yenyewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana. Na hapana hiyo ingekuwa kweli kabisa, kwa kuwa namba haikubadilika yenyewe. Nikafungua mdomo, nikamwona Sista ameinamisha kichwa kunisikiliza, vilevile anavyowainamia wagonjwa. Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemwekea mama dozi ya fundi viatu. Programu niliibadilisha nusu nikaacha nusu. Mtu mmoja asipofika, walio nyuma yake wanapewa dozi za wenzao. Niligundua Alhamisi iliyopita. Nikatengeneza kimyakimya. Mzee dereva naye alipata ya mama, nikaenda kumbadilishia lebo nikamsingizia kuwa amesoma vibaya. Na Sista alikuwa anawauliza wagonjwa wote, kila Jumanne. Mimi ndiye niliyekuja kwako kumshtaki, Mkuu, ukamkataza. Angemuuliza mama, mama angesema kumi na nne."

Kaka alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Afadhali angenipiga.

Sista akafungua mkoba. Akatoa lebo iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza akailaza kwa kiganja. Jina la mzee dereva, yuniti kumi na nne. "Aliniletea nyumbani Jumamosi," akasema. "Aliikuta chini ya mto. Alikuja kunipa pole, akaniuliza kwa nini karani ametoka na mvua kuja kuibadilisha."

Mkuu akashangaa. "Tangu Jumamosi? Mbona hukuileta, Sista? Ungekuwa umeshajinasua!"

"Nilitaka kujua nafanya kazi na nani," akasema.

Nilimkimbilia ukumbini baadaye. Nikamwambia Sista nisamehe, nimekukosea, nilikuwa naogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. "Radhi nimeisikia," akasema. "Siku sita majirani wamenitazama kama muuaji. Mwanangu amepigana shuleni kwa ajili yangu. Hizo siku nirudishie kwanza, halafu tuzungumze." Mumewe akafungua mwavuli, wakatoka.

Ijumaa, Aprili 11

Nimepewa barua ya onyo kali na nimekatwa marupurupu ya miezi mitatu. Nilitegemea kufukuzwa. Mkuu mwenyewe hakujiandikia barua yoyote.

Jumatatu, Aprili 14

Kwa ruhusa ya daktari nimeking'oa kile kipande cha kujaza. Visanduku vinazaliwa vitupu. Nesi amuulize mgonjwa, alinganishe na kadi, aandike kwa mkono wake. Mkuu amenung'unika kuhusu foleni.

Jumatano, Aprili 16

Sista ameomba uhamisho na amekubaliwa. Amepita kuaga kila mtu, hata mfagizi. Kwangu alisema, "Kazi njema." Nitafanyaje? Nikasema, "Na wewe, Sista."

Jumamosi, Aprili 19

Kaka ndiye anayemdunga mama sasa. Ameificha kalamu chumbani kwake. Akinikuta sebuleni anapita kama amepita kiti. Asubuhi nasikia ile tik tik kupitia ukutani na ninahesabu. Ikifika kumi na nne ndiyo ninapumua.

Jumapili, Aprili 27

Siku tatu hakuna mvua. Udongo wa uani umeanza kupasuka juu, watu wameanika magodoro.

Kaka ametoka asubuhi kwenda kutengeneza friji ya mtu. Mama alikuja jikoni akishika ukuta, akavuta kigoda akakaa karibu nami. Tangu kikao hatujawahi kulizungumza jambo lile. Alikuwa ameambiwa yote na kaka, najua, lakini kwangu alikuwa vilevile: ananiuliza kama nimekula, ananiambia nifunge mlango paka asiingie. Nilidhani ndiyo namna yake ya kunisamehe, nikajifariji nayo wiki mbili nzima.

Nikamwekea chai. Akaishika kwa mikono miwili.

"Nikuulize kitu," akasema. "Ile asubuhi. Nilipokwambia daktari hakuniambia kitu. Ulinisikia?"

Ningeweza kusema hapana. Jiko lilikuwa linavuma asubuhi ile, redio ya jirani ilikuwa juu, angeniamini. Nimechoka kusema uongo.

"Nilikusikia, mama."

Akaipuliza chai, hakuinywa.

"Mimi nilijua hukusikia," akasema. "Siku zote hizi ninagombana na kaka yako kwa ajili hiyo. Namwambia, mwache mdogo wako, hakusikia, angesikia asingenidunga."

Nikasema, "Mama."

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka akaupata mlango, akaenda na chai yake kuinywea uani.